Filimbi ya Shemeji

Miguu ya Beleshi tu ndiyo iliyokuwa ikionekana. Sehemu nyingine yote ya mwili wake ilikuwa imezama katika kifua cha garimoshi, ndani ya chumba cha moshi, akisugua bomba moja baada ya jingine kwa brashi ya waya yenye mpini mrefu. Akisukuma brashi, masizi yanamrudia usoni. Yakimrudia, anakohoa, analaani kwa heshima, kisha anasukuma tena.

"Shemeji," sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyetumbukia shimoni, "huyu Shangazi alikuwa akivuta tumbaku gani?"

"Alivuta ulichomlisha," Dereva alimjibu. "Ulikuwa ukimjaza makaa kama mtu anayefunga gunia la wizi. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Sugua."

Dereva alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kando ya gurudumu lililomzidi kimo. Mapajani alikuwa na filimbi ya garimoshi, ya shaba, nene kama mchi, akiing'arisha kwa majivu na kipande cha limau. Alifanya hivyo kwa mkono wa kushoto. Bega la kulia lilikuwa limekakamaa tangu alipostaafu, na mkono wake haukupanda kupita sikio bila yeye kung'ata meno.

Shangazi ni jina ambalo wafanyakazi wa reli walimpa garimoshi lile zamani, kwa sababu lilifika kwa kelele, likanywa maji mengi, na likaondoka likiwa limempaka kila mtu masizi. Enzi za mvuke lilipanda milima na mabehewa kumi na mbili nyuma yake. Kisha zikaja injini za dizeli, ambazo haziombi maji njiani wala hazihitaji mtu wa kuzilisha, na Shangazi akasukumwa mwisho wa karakana, akafunikwa turubai, kuku wakataga ndani ya kibanda chake. Sasa karakana ilikuwa imegeuzwa makumbusho. Siku ya ufunguzi ilikuwa kesho kutwa, na Shangazi alitakiwa atoke mlangoni kwa nguvu zake mwenyewe, aende hadi kwenye kona na kurudi, akipiga filimbi.

Kuendesha kulikuwa na mwenyewe: Dereva. Kulisha moto kulikuwa na mwenyewe pia: Beleshi, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya chombo alichokishika ujana wake wote. Ugomvi ulikuwa juu ya kamba ya filimbi. Kamba ilining'inia katikati ya kibanda, na kila mmoja aliamini imening'inia upande wake.

"Filimbi ni ya dereva," Dereva alisema. "Imekuwa hivyo tangu chuma kilipotandikwa ardhini."

"Ya dereva mwenye bega," Beleshi alijibu kutoka shimoni. "Wewe utavuta mara moja, ubaki umening'inia pale kama shati la kuanika. Tutakushusha na ngazi."

"Afadhali nining'inie kuliko filimbi yangu ipigwe na mtu anayelalamikia upishi wa mke wangu."

"Mke wako ni dada yangu, tumenyonya ziwa moja, nampenda. Lakini jikoni, shemeji, tuseme ukweli. Mungu alimpa sura, akampa akili, mchuzi akausahau."

Dereva aliacha kusugua, akaitazama ile miguu miwili. Ulikuwa mzaha wa miaka mingi, na miaka yote hiyo hakuuelewa. Mke wake alipika vizuri mno. Majirani walikuwa wakipita mlangoni wakati wa chakula kwa visingizio vya ajabu. Lakini Beleshi, tangu akiwa kijana asiye na mke, alisisitiza kwamba dada yake anaunguza wali. Dereva alikwisha kuhitimisha kwamba makaa ya mawe yalimharibu shemeji yake ulimi.

Meneja wa makumbusho aliingia wakati huo akiwa na funguo shingoni na simu mkononi. Alikuwa mwanamke kijana, mpole, ambaye wiki ya kwanza aliuliza usukani wa garimoshi uko wapi. Wazee wale wawili walicheka hadi wakashikana, kisha wakamweleza kwamba garimoshi halina usukani, reli ndiyo inayojua njia. Tangu hapo wakampenda kama binti yao.

"Wazee wangu, kamba mmeamua?"

"Tumeamua," walisema wote wawili, kila mmoja akimaanisha lake.

Meneja akashusha pumzi. "Basi sikilizeni. Nina spika kubwa na nina sauti ya honi niliyorekodi. Kufikia jioni hii kama hamjakubaliana, spika ndiyo itakayopiga."

Miguu ya Beleshi ilitulia. Kisha mwili wote ukatoka kinyumenyume, mweusi tii, macho mawili meupe yakipepesa.

"Honi ya nini uliyorekodi, mwanangu?"

"Ya treni."

"Treni ipi?"

"Hii inayopita hapa asubuhi."

"Dizeli," Dereva alisema taratibu, kama mtu anayetaja ugonjwa. "Shangazi apigiwe honi ya dizeli. Mbele za watu."

Ndipo Dereva alipomweleza Meneja jambo ambalo halikuandikwa kwenye vibao vyake vya ukutani. Filimbi zote za njia ile zilitengenezwa katika kiwanda kimoja na sauti yake ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa mkono. Kila dereva alikuwa na upigaji wake, na alipofika kwenye kona iliyo karibu na nyumba za reli, aliupiga. Mmoja alipiga fupi tatu kama kuku anayefukuzwa. Mwingine alipiga moja ndefu inayopanda. Katika zile nyumba, mwanamke mmoja alisikia akabandika maji ya kuoga, na wengine wote waligeukia upande wa pili wakaendelea kulala.

"Yangu ilikuwa ndefu moja, fupi mbili kama kwikwi, halafu ndefu ya mwisho inayoshuka polepole hadi inakwisha," Dereva alisema. "Mke wangu hakuwahi kuikosea. Wala majirani. Isipokuwa yule fundi cherehani wa nyumba ya pembeni, aliyekuwa akiapa kwamba amenisikia hata siku ambazo nimelala kituo cha mbali. 'Jana umeingia, mbona hukunisalimu?' Pombe ile. Nilimwambia aache. Mpaka leo tukikutana namwambia aache."

Beleshi alianza kukohoa, ingawa alikuwa ameshatoka kwenye masizi.

"Basi rahisi," Meneja alisema, uso ukimng'aa. "Mkeo si yuko nyumbani, na nyumba si ile pale nyuma ya ukuta? Leo tunawasha moto kwa majaribio. Kila mmoja atapiga huo upigaji. Mama asikilize, hataambiwa nani alianza. Atakayetambuliwa kuwa ndiye, kamba yake."

"Nakubali!" Dereva aliruka kutoka kwenye ndoo.

"Sioni haja," Beleshi alisema.

"Ulikuwa unapigania kamba sasa hivi, shemeji."

"Dada yangu ana shughuli zake. Tusimsumbue mtu mzima."

Lakini Meneja alikwisha kupiga simu. Alieleza, akasikiliza, akatabasamu. "Anasema sawa. Anasema msimpigie kumwuliza jibu, atalileta mwenyewe."

Hapa ni haki msomaji ajue kile ambacho Dereva hakukijua. Enzi zile Dereva alipopangiwa safari ndefu, mara nyingi Beleshi alibaki mjini kwenye treni ya kokoto, iliyopita kona ile ile jioni. Dereva wa treni ya kokoto alikuwa mtu mkimya asiyejali nani anavuta kamba. Jioni moja, Beleshi akiwa na njaa na chumba chake hakina hata chumvi, mkono wake ulipanda wenyewe ukapiga filimbi ya shemeji yake. Alipofika mlangoni kwa dada yake, chakula kilikuwa mezani. "Loo, dada, shemeji amebadilishiwa safari njiani," alisema kwa huzuni kubwa. "Sasa chakula hiki kitaharibika." Akakiokoa kisiharibike. Jioni iliyofuata ya kokoto, akakiokoa tena. Akaendelea kuokoa hadi alipooa.

Kwa hiyo Beleshi alikuwa amekwama kama mwiba wa samaki kooni. Akipiga vizuri, Dereva atauliza alijifunzia wapi. Akipiga vibaya, kamba anaipoteza. Na kamba aliitaka kweli. Maisha yake yote alikuwa chini ya mkono wa mtu mwingine, akilisha moto ambao sauti yake ilikuwa ya mwenzake. Mara moja tu, mbele za watu, alitaka sauti itoke mkononi mwake bila kuiiba.

Waliwasha moto kwa kuni kwanza, kisha makaa. Mvuke hauji kwa kuitwa. Mchana wote ulipita Shangazi akinguruma tumboni, akidondosha maji huku na kule, na mshale wa geji ya mvuke ukipanda kwa madaha. Dereva alizunguka na kopo la mafuta akitia tone kwenye kila kiungo. Aliikaza filimbi mahali pake, na valvu yake ikaanza kuvuja uzi mwembamba wa mvuke.

"Hiyo ilipaswa kufunguliwa isagwe, izibe vizuri," alisema.

"Kesho," Beleshi alisema. "Au tusipige kabisa leo. Usalama kwanza."

"Tangu lini wewe na usalama mkajuana?"

Meneja alificha jiwe dogo kiganjani, wazee wakachagua mkono. Dereva alipata jiwe. Alipanda kibandani, akasimama mahali pake pa zamani, akainua mkono wa kulia. Uso ulimkunjamana. Akavuta.

Wafanyakazi waliokuwa wakipaka rangi uzio waliacha brashi zao. Sauti ilijaa karakana, ikatoka mlangoni, ikapita juu ya ukuta: ndefu moja, fupi mbili, na ile ya mwisho. Lakini ile ya mwisho, badala ya kushuka laini, ilitetemeka, ikakatika kidogo, ikaendelea, kisha ikazama. Dereva alishuka akilishika bega.

"Imekatika," Beleshi alimwambia kwa sauti ya chini, na safari hii hakumtania.

"Nimesikia. Zamu yako."

Filimbi ilikuwa imekunywa mvuke mwingi, mshale umeshuka, na ilibidi moto ulishwe upya. Watu waliomfahamu Beleshi wangeshangaa. Mtu aliyekuwa akirusha makaa kama anapepeta, leo alichota beleshi nusu, akalitazama, akalitia, akapumzika.

"Unalisha moto au unamnywesha mgonjwa uji?" Dereva aliuliza.

"Moto mzuri ni wa taratibu."

"Hilo nilikuwa nikikuambia mimi, na wewe ukinicheka."

Hatimaye mshale ulifika. Beleshi alipanda akiwa na mpango wake kichwani. Alikusudia kupiga kitu cha ovyo, cha kati na kati, mpigo ambao haumshtaki mtu. Lakini mkono nao una kumbukumbu zake. Ulipoigusa tu kamba, ilikuwa jioni, na mwenye mkono alikuwa kijana, na ana njaa. Ndefu moja. Fupi mbili kama kwikwi. Ndefu ya mwisho, ikashuka safi kama kitambaa kinachoteleza mezani.

Meneja alipiga makofi, kisha akaona nyuso za wazee, akaacha.

"Hiyo," Dereva alisema, "umejifunzia wapi?"

"Ukikaa karibu na waridi, shemeji, nawe utanukia."

"Mimi nimekaa karibu na beleshi lako miaka yote, siwezi kuchota nalo hata majivu. Nauliza tena. Umejifunzia wapi?"

"Nilikuwa nasikiliza."

"Kusikiliza kunafundisha masikio. Huo ni mkono uliozoea."

Beleshi alijishughulisha na kufuta mpini ambao ulikuwa safi. Jasho lilikuwa limemchorea njia nyeupe katika masizi ya mashavu. Dereva akakaa kwenye ndoo yake. Jambo lililomchoma halikuwa udadisi tu. Filimbi ya pili ilikuwa nzuri kuliko ya kwanza, yeye mwenyewe aliisikia. Kama mke wake angeichagua, ingekuwa ni mke wake anayemwambia, mbele ya karakana nzima, kwamba hakumtambua.

Dada mtu alifika kwa miguu, khanga mbili, ndala, uso hauna habari yoyote. Mkononi alibeba chombo cha chakula cha ghorofa mbili, kile cha bati chenye mpini. Aliwasalimu wafanyakazi, akamsalimu Meneja, akakiweka chombo juu ya benchi la vifaa kati ya spana na tambara.

"Mama, tuambie," Meneja alisema. "Ya kwanza au ya pili?"

"Kwanza wapate kula. Mashine haikimbii."

Alifungua ghorofa ya juu, akamkabidhi mumewe. Wali mweupe, unaochambuka punje kwa punje, na mchuzi uliowageuza wapaka rangi shingo. Kisha akafungua ya chini, akamkabidhi kaka yake. Ndani mlikuwa na ukoko. Ukoko mtupu, wa kahawia, uliobandulika kwenye sufuria kama gome la mti, na vijiko viwili vya mchuzi wa chini, ule wenye chumvi nyingi.

Beleshi alikitazama chakula kile. Akakimega, akakitia mdomoni. Kikalia kama kokoto. Na hapo hapo, akiwa anatafuna, macho yakaanza kumtoka.

"Dada."

"Bee."

"Hiki ndicho chakula chako."

"Ndicho chako wewe. Cha kwangu ni hicho anachokula mume wangu."

"Miaka yote ile…"

"Filimbi ya kwanza uliponipigia, ulinipata," dada mtu alisema, akijikunjia khanga vizuri. "Ulikula nyama ya watoto wangu. Ya pili nikaisikiliza. Nikasema, huyu si baba watoto. Nikawapakulia watoto, nikala na mimi, tukashiba. Nikamwambia mkubwa, kabandue ukoko, mjomba wako yuko kwenye kona."

Wapaka rangi waliangua kicheko, mmoja akalazimika kukaa chini. Dereva hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu yake polepole, kijiko kikiwa hewani, kama mtu anayerudi nyuma stesheni moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo alikuwa anapiga filimbi yangu. Mimi nikiwa safarini."

"Ndiyo."

"Akaja akala chakula changu."

"Akala ukoko wako."

"Kwa hiyo fundi cherehani…" Kijiko kilianguka. "Masikini fundi wa watu! Nimemwita mlevi hadi mkewe akamfungia chupa kabatini! Mtu hakuwahi kunywa!"

"Alikuwa akinywa," dada mtu alisema kwa haki. "Ila masikio yake hayakuwa yakinywa."

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Mke wake alimtazama kwanza yeye, kisha kaka yake mwenye ukoko kinywani. "Ningekuambia, ungempiga marufuku. Au angeona aibu, asije. Wewe safarini, watoto wadogo, jioni ndefu. Mtu wa kucheka naye alikuwa nani? Nilitaka aje. Sikutaka tu aje akidhani mimi mjinga."

Beleshi alimeza, akakiweka chombo chini.

"Na mimi nikakutangaza mji mzima kwamba hujui kupika," alisema.

"Nilisikia. Ndiyo maana mchuzi ulizidi chumvi."

Meneja alikohoa kidogo. "Kwa hiyo, mama, iliyokuwa ya baba ni…"

"Ya kwanza. Hata bila kusikia ya pili."

"Lakini ilikatika," Dereva alisema, kwa sauti ndogo kuliko filimbi yake.

"Imekatika kwa sababu bega linauma. Mimi ndiye ninayelisugua kila asubuhi, nisilijue? Wewe ile ya mwisho unaishusha chini kama mtu anayetua mzigo. Huyu anaiachia tu, awahi sahani. Leo kaipiga vizuri, lakini mwishoni kaiachia."

Dereva aliokota kijiko, akakifuta kwa tambara la mafuta, akala tena. Kila mtu aliona mgongo wake umenyooka. Alipomaliza alimwambia shemeji yake, "Basi kamba yangu."

"Yako," Beleshi alikiri. "Nimeshindwa na ukoko."

"Nani kasema yake?" dada mtu aliuliza.

Wote wakamgeukia.

"Mmenifanya mwamuzi, basi namalizia hukumu. Mmoja kanipigia filimbi maisha yake yote, na bega lake leo limelia. Mwingine kanipigia ya wizi. Kazi ya kuisikia na kuiivishia chakula nimeifanya mimi. Sijawahi hata kuigusa. Zamani mlisema mwanamke akipanda garimoshini mvuke unakimbia. Meneja, mwanangu, ngazi iko wapi?"

Meneja alimwonyesha kabla wazee hawajafungua midomo. Dada mtu alivua ndala, akapanda, khanga ameishika kwa mkono mmoja. Kibandani alitazama mishikio yote, akatazama tundu la moto, akasema tu, "Kumbe jiko." Kisha akaishika kamba, akavuta.

Shangazi alitoa sauti kama mzee anayeketi kitini. Fyuuu. Basi. Moto ulikuwa umelala wakati watu wanakula, na mvuke uliobaki ulikuwa ukitorokea kwenye valvu.

"Si nilisema?" Beleshi alidakia. "Mwanamke akipanda mvuke—"

"Mvuke umekimbia kwa sababu mlisha moto alikuwa anatafuna," dada yake alimkata. "Kesho nakuja jioni. Nataka nikute mvuke umepanda mpaka juu."

"Na utapiga nini?" Dereva aliuliza. "Lazima uwe na upigaji wako."

"Ninao. Nimeutunga njiani."

"Unasemaje?"

"Utasema: mke yuko kazini, kapikeni wenyewe."

Alishuka, akavaa ndala, akachukua chombo chake na kwenda zake. Meneja alimfuata hadi mlangoni, akarudi na spika yake mikononi, akairudisha kwenye boksi.

Jua lilikuwa limefika chini ya madirisha. Beleshi aliuvuta moto uliobaki, majivu yakamwagika chini kwa sauti ya mvua nyepesi. Dereva aliifungua valvu ya filimbi kwa spana, akaitazama kwenye mwanga, akaona mkwaruzo pale ilipokuwa ikivujia. Ilihitaji kusagwa, na macho yake yalikuwa yamechoka. Akaitumbukiza katika kopo la mafuta ya taa ilale hadi kesho.

"Mabomba ya kushoto bado," alisema.

"Nayajua. Nitaingia asubuhi."

"Na kwa fundi cherehani tutapitia sasa hivi. Wewe ndiye utakayeanza kusema."

"Shemeji…"

"Utaanza wewe."

Beleshi akakuna kichwa kwa mkono mweusi. Juu ya benchi, kwenye kipande cha gazeti, alikuwa amebakiza ukoko kidogo. Dereva aliumega, akautafuna taratibu, akitazama mlango wa chumba cha moshi ulioachwa wazi na mpini wa brashi ukichungulia nje.

"Si mbaya," alisema.

"Unadhani ningerudi kila wiki kwa kitu kibaya?"